Ukiondoa nyama, nguruwe bado yumo bakulini: jibu kwa mwanafunzi wa Fukuoka

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nasoma shahada ya uzamili hapa Fukuoka na sina muda mrefu Japani. Karibu na stesheni yetu umefunguliwa mgahawa mpya wa ramen, zile tambi za supu za Kijapani, na tangu siku ya kwanza foleni inazunguka kona. Wenzangu wa maabara wanataka twende wote Ijumaa jioni. Mimi ni Mwislamu. Wananiambia niombe tu waniondolee vipande vya nyama, basi. Je, inatosha? Tena mlangoni kuna mashine yenye vitufe chungu nzima, sijui nianzie wapi. Na ule ufyonzaji wa tambi kwa kelele ni lazima? Kwetu ukila hivyo unakaripiwa. Kama haifai kwenda, ramen ya halali nitaipata wapi, au niipike mwenyewe vipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Haitoshi. Wenzako wanakutakia mema, lakini wanakuelekeza kama walaji, nami nitakuelekeza kama mpishi, maana nimesimama kwenye majiko hayo na najua kinachoingia kwenye sufuria.

Bakuli la ramen lina mambo matano, na kila moja huandaliwa mbali: supu, kikolezo cha chumvi kiitwacho tare, mafuta ya kunukisha, tambi, na vya kupambia juu. Agizo likiingia, mpishi hutia tare na mafuta kwenye bakuli tupu, humimina supu ya moto, hushusha tambi zilizokung'utwa maji, kisha ndipo hupanga nyama, yai, vitunguu majani na karatasi ya mwani. Vipande vile vya nyama, chashu, ni vya mwisho kabisa. Ukiomba viondolewe, umeondoa kinachoonekana tu. Mnyama mwenyewe alishaingia tangu alfajiri, kwa mifupa yake.

Na wewe uko Fukuoka. Ungekuwa mji mwingine ningejibu kwa tahadhari zaidi, lakini hapo ulipo ramen maana yake ni tonkotsu, supu ya mifupa ya nguruwe. Mapaja, uti wa mgongo, mara nyingi hata vichwa, huchemshwa kwa moto mkali kwa muda wa saa kumi na zaidi hadi uboho utoke. Moto ule mkali ndio siri: gelatini inayotoka kwenye mifupa hushikanisha mafuta na maji visitengane, na supu inakuwa nyeupe kama tui. Supu ya namna hii ilianzia Kurume, kusini kidogo ya hapo, kwenye kibanda kimoja mwaka 1937, ila wakati ule ilikuwa bado nyepesi. Husimuliwa kwamba weupe ulikuja mwaka 1947 kwa bahati mbaya: mwenye kibanda kingine alitoka akamwachia mama yake sufuria, moto ukazidi, supu ikachemka kupita kiasi. Akarudi, akaionja, akaiuza. Ile harufu nzito unayokutana nayo ukishuka kwenye treni jioni ndiyo hiyo. Kwa Kiswahili cha baa za Dar, ni kitimoto kilichoyeyuka.

Kwa hiyo tazama kibao cha mgahawa huo. Ukiona 豚骨 au とんこつ, yote mawili husomeka tonkotsu, usihangaike na mashine wala foleni. Hakuna cha kuondoa.

Tuseme si tonkotsu. Siku hizi hata Fukuoka wanafungua migahawa ya supu ya kuku na ya samaki, na mpya nyingi hupenda kujitofautisha kwa njia hiyo. Hapa ndipo wageni wengi huteleza, kwa sababu wakisoma "shoyu" au "shio" hudhani wameepuka nguruwe. Shoyu ni soya sosi, shio ni chumvi, na miso ni soya iliyochachushwa. Zote tatu ni majina ya tare, hazikwambii supu imetoka kwa mnyama gani. Ramen ya shio inaweza kusimama juu ya supu safi ya kuku, na inaweza pia kusimama juu ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa moto wa taratibu ili supu ibaki angavu. Miso ya Sapporo ndiyo ya kuangalia zaidi: mboga hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na utando wa mafuta hayo huachwa juu ya supu ili isipoe upesi, maana kule kuna theluji. Macho yako yataona mahindi na kitunguu, utasema hiki chakula cha mboga.

Kisha kuna yai. Lile yai zuri lenye kiini laini cha rangi ya chungwa, ambalo ukilipasua kwa vijiti kiini chake kinanata, hulowekwa usiku kucha. Limelowekwa kwenye nini? Katika majiko mengi ni kwenye mchuzi uleule uliopikia chashu: soya sosi, sukari, sake, yaani pombe ya mchele, na mirin, pombe tamu ya kupikia. Mchuzi huohuo mara nyingi ndio hugeuzwa kuwa tare. Mirin halisi ina kilevi cha takriban asilimia 14 kabla ya kupikwa. Soya sosi nayo, ikichachushwa kwa njia ya asili, huwa na kilevi kidogo, na viwanda vingine huongeza ili isiharibike. Mimi ni mpishi, kazi yangu ni kukwambia kilichomo. Kama kilevi kilichopikwa au kilichozaliwa ndani ya uchachu kina hukumu gani, hilo muulize imamu. Mji wako una msikiti, Al Nour, pale Hakozaki, uliofunguliwa mwaka 2009 na ukawa wa kwanza katika kisiwa chenu cha Kyushu. Nenda hapo mapema. Hata kwa habari ya migahawa, waumini wa pale watakutajia iliyopo leo na iliyofungwa jana, jambo ambalo orodha za mtandaoni hazilijui.

Tambi zenyewe hazina neno. Ni unga wa ngano, maji, chumvi na kansui, na wengine huongeza yai. Kansui ni maji ya magadi: kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu. Hayo ndiyo huzipa tambi ule umanjano, ule mnyumbuko na ile harufu ambayo spageti haina. Ukila tambi za ramen ukahisi kama umewahi kukutana na harufu hiyo mahali, ni jikoni kwenu, siku mama alipotupia magadi kwenye maharage. Ila kwenye mgahawa wa kawaida vile vikapu vya kuchemshia huzamishwa kwenye sufuria moja siku nzima, na mpishi anayeshika chashu ndiye anayekung'uta tambi. Mtu asiyekula kabisa kilichogusana na nguruwe ajue hilo.

Ukitaka kuuliza, uliza hivi: "Buta wa taberaremasen. Suupu ni buta ga haitte imasu ka?" Maana yake, sili nguruwe, je, supu ina nguruwe? Kisha uliza kuhusu tare na mafuta, ukitaja "raado", mafuta ya nguruwe. Uliza kabla ya kulipa. Na usiulize saa sita na nusu mchana, mwenye mgahawa akiwa na mabakuli sita mbele yake. Nenda kabla hawajaanza kujaa, au baada ya saa nane. Wapishi wa ramen ni watu wa kujivunia supu yao. Ukimkuta ametulia atakwambia mpaka aina ya dagaa wakavu aliowatia. Ukimkuta ameelemewa atakwambia "daijobu", hamna shida, na hilo si jibu la kumwekea imani yako.

Sasa hilo la upya wake. Hukuniuliza waziwazi, ila umetaja foleni kana kwamba ni ushahidi. Siku za ufunguzi foleni haithibitishi kitu. Bei huwa zimepunguzwa, wapenzi wa ramen wanataka waseme walikuwa wa kwanza, na jiko halijapata mwendo wake. Kwa tonkotsu hasa, upya ni udhaifu: Kurume wana mtindo wa kuongezea supu mpya juu ya ya zamani, sufuria haimalizwi kamwe, na ladha hujengeka kwa miaka. Sufuria ya juzi haina historia hiyo. Hata supu za kuku huyumba mwanzoni, leo nzito, kesho nyepesi, mpaka mpishi alizoee jiko. Mimi huacha ipite kama miezi miwili, tena huenda katikati ya wiki.

Lakini kuna jambo moja linaloonekana siku za ufunguzi tu. Mlangoni huwekwa mashada makubwa ya maua yenye vibao vya majina ya waliotuma pongezi. Mwombe mwenzako wa maabara akusomee. Kwa kawaida utakuta kiwanda cha tambi, muuza nyama, na mgahawa alikofunzwa kazi huyo mwenye mgahawa. Hilo la mwisho ni dhahabu, maana kwenye ramen mwanafunzi hurithi supu ya mwalimu wake. Ukijua alikotoka, unajua kilicho sufuriani kabla hujafungua mlango. Na kama muuza nyama aliyetuma shada ana 豚, herufi ya nguruwe, kwenye jina la duka lake, umeshajibiwa swali lako la kwanza.

Mashine. Ni kibanda cha tiketi tu, na inaonekana ya kutisha kuliko ilivyo. Kwenye zile za zamani unatia pesa kwanza, vitufe vya unachoweza kununua vinawaka, unabonyeza, tiketi inadondoka, kisha unavuta kitasa au kubonyeza kitufe cha chenji. Kitufe cha juu kabisa kushoto mara nyingi ndicho ramen kuu ya mgahawa. Ukikwama, ndicho hicho. Weka noti za yeni 1,000 na sarafu, kwa sababu mashine nyingi za zamani hazimezi noti kubwa. Za kisasa ni kioo cha kugusa na huwa na lugha zaidi ya moja. Bakuli la kawaida litakuwa karibu na yeni 1,000 hivi, juu kidogo au chini kidogo. Wajapani wana msemo wa "ukuta wa yeni elfu": kwa miaka mingi wateja waligoma moyoni kulipa zaidi ya hapo kwa ramen, ingawa watalipa zaidi kwa tambi za Kitaliano bila kunung'unika. Ukuta huo sasa umepata nyufa, ngano na nyama zimepanda bei. Ukimaliza, hakuna bakshishi. Ukiacha sarafu mezani watakukimbilia barabarani kukurudishia.

Ukishakabidhi tiketi, Fukuoka watakuuliza tambi ziwe ngumu kiasi gani. Sema "kata", ngumu kidogo. Sababu ni kwamba tambi za hapo ni nyembamba na zenye maji machache, hulainika upesi ndani ya supu. Ndiyo maana pia bakuli huja na tambi kidogo na unaongeza baadaye kwa pesa kidogo, wanaita kaedama. Desturi hiyo ilikuzwa Nagahama, kwenye soko la samaki la mji huohuo wako, kwa ajili ya wachuuzi na wapakuzi wasio na dakika za kusubiri tambi nene ziive. Ukitaka kaedama, bakiza supu. Kuna wageni humaliza supu yote kisha huagiza tambi, wanaletewa kisahani cha tambi kavu na hawajui wazitie wapi.

Kufyonza si lazima. Hakuna atakayekutazama vibaya ukila kimya. Wao hufyonza kwa sababu mbili za maana: tambi zinatoka kwenye supu inayounguza, na hewa inayopita inazipoza njiani, na hewa hiyohiyo hupandisha harufu puani, ambako nusu ya ladha ya ramen inakaa. Kinachowaudhi ni kukaa. Kuongea kwa muda mrefu huku tambi zinavimba, kupiga picha ishirini, wawili kugawana bakuli moja kwenye kiti cha mtu aliye foleni. Viti huwa kumi au kumi na viwili vimetazama jiko, mtu anakula dakika kumi na tano, anapandisha bakuli kwenye ukingo wa kaunta, anafuta mbele yake kwa kitambaa kilichopo, anasema "gochisosama", asante kwa chakula, anatoka. Kundi la watu sita mkienda mtaketishwa kila mmoja pembe yake. Kwa hiyo hata bila suala la nguruwe, mgahawa wa ramen ni mahali pabaya pa kufahamiana na wenzako.

Jambo dogo la wanawake. Supu hurukaruka, na mtandio mweupe hausamehe soya sosi. Uliza "kami epuron", aproni ya karatasi. Migahawa mingi inazo, na mingine huweka hata vibanio vya nywele kaunta. Zisokote ncha za mtandio nyuma ya shingo kabla bakuli halijafika, si baada.

Kwa Ijumaa, ushauri wangu ni uwageuze wenzako wala usikatae mwaliko. Waambie mapema, kwa ujumbe, si pale mlangoni: supu yenyewe ni nguruwe, siwezi. Wajapani wengi hawalijui hilo kwa sababu hawajawahi kulifikiria, na wakilijua watahangaika wenyewe kukutafutia pengine. Pendekeza udon, tambi za ngano za supu. Watu wa Hakata, sehemu ya kale ya mji wako, wanaionea fahari kuliko wanavyokiri. Kwenye hekalu la Jotenji, mwendo mfupi tu kutoka stesheni ya Hakata, kuna jiwe la kumbukumbu linalodai kwamba udon na soba, aina nyingine ya tambi, zilianzia hapo, zikiletwa na mtawa Enni aliyerudi kutoka China mwaka 1241. Tambi zao ni nene na laini, supu ni ya samaki wakavu na mwani wa kombu. Agiza "goboten", vipande vya mzizi wa gobo vilivyokaangwa ndani ya unga. Bado kuna soya sosi na pengine mirin, kwa hiyo lile ulilomuuliza imamu lishike, na uliza kama supu imetiwa kuku. Lakini si sufuria ya mifupa ya nguruwe, na mtaketi meza moja.

Ukiwa na hamu ya ramen yenyewe, safari ya Tokyo itakupa nafasi: Asakusa kuna Naritaya, na Honolu nayo imejijengea jina kwa ramen ya halali. Zote mbili zilianza kwa kuwalenga Waislamu. Kagua kwanza kama tawi unalolikusudia bado lipo, migahawa ya ramen hufunguliwa na kufungwa kama vibanda vya msimu. Na kokote uendako, angalia cheti kimetolewa kwa tawi lipi. Kuna migahawa yenye bakuli moja tu la halali katikati ya menyu ya kawaida, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nyumbani ndiko utakakofaidi zaidi. Nunua kwenye duka la halali mifupa ya mgongo ya kuku na mabawa, na ukipata miguu ya kuku ndiyo bora, ina gelatini nyingi. Kwa kilo mbili tia maji ya kuifunika vizuri, chemsha dakika tano, mwaga, osha mifupa chini ya bomba hadi damu yote itoke. Rudisha na maji mapya, na sasa uiache itokote kwa nguvu, si kwa moto wa chini kama pishi la kwetu. Iwe kwa muda wa saa nne au tano, ukiongeza maji ya moto kila yanapopungua, huku ukiiponda mifupa kwa mwiko. Saa ya mwisho tia kitunguu na tangawizi. Itageuka nyeupe, wao wanaiita tori paitan, na migahawa ya gharama inaiuza hiyohiyo. Ipitishe kwenye chujio.

Tare yako iwe soya sosi yenye nembo ya halali, ichemshwe kidogo na kipande cha kombu na sukari kijiko kimoja. Vijiko viwili vya mezani chini ya bakuli, kisha supu kama mililita 300, uonje na uongeze. Mafuta ya kunukisha ni yale ya kuku yaliyoelea juu ya supu, yapashe na vitunguu majani hadi vianze kuwa kahawia. Usione tabu kuibakiza supu bakulini. Bakuli la mgahawani likinywewa hadi tone la mwisho hupita kwa urahisi gramu 5 za chumvi, ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa kikomo cha siku nzima, na la kwako halitakuwa mbali.

Tambi mbichi za ramen zipo supamaketi, soma nyuma ya pakiti. Zile zinazouzwa na pakiti ya supu, hiyo pakiti itupe kama ina 豚 au ポーク, yaani nguruwe. Ukiwa mahali zisipopatikana, hata utakaporudi Tanga, chukua spageti nyembamba kabisa, uzichemshe kwenye maji uliyotia kijiko kimoja cha mezani cha baking soda kwa lita. Tumia sufuria kubwa kwa sababu povu litapanda, na usitie chumvi. Zitageuka manjano na kuanza kunyumbuka. Zitoe mapema kidogo kuliko pakiti inavyosema, zikung'ute sana, maana maji yakibaki huiharibu supu uliyoisumbukia tangu asubuhi.